Vaireti ya London Wakati wa Vita, 1939–1945: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Vaireti ilikuwa nini hasa?

Vaireti ilikuwa onyesho la jukwaani lililofumwa kwa vipande vifupi visivyohusiana: mwimbaji, mchekeshaji, wanasarakasi, mfanya mazingaombwe, kundi la wacheza dansi, mtu anayejibizana na mwanasesere bila kuonekana akifungua kinywa, na pengine mbwa waliofundishwa kuruka pete. Hapakuwa na kisa chenye mwanzo na mwisho. Kila msanii alikuja na chake, akakifanya kwa dakika zake chache, akapisha. Msomaji aliyewahi kukesha katika ukumbi wa baa Dar es Salaam miaka ya 1990 akitazama vikundi vya Muungano au TOT, ngoma ikipokewa na sarakasi, sarakasi ikipokewa na igizo, na taarabu ikifunga kazi, hahitaji maelezo marefu. Tofauti kubwa ilikuwa saa. London onyesho lilirudiwa mara mbili kila jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, na watazamaji wa awamu ya kwanza walipaswa kuwa wametoka kabla wa awamu ya pili hawajaingia, kwa hiyo mchekeshaji aliyenogewa akazidisha dakika tatu aliwaponza wote waliomfuata.

Mzizi wa sanaa hii ni kumbi za muziki za karne ya 19, ambako watu walikaa mezani wakila na kunywa huku msanii akijitahidi kuwashinda kelele. Kufikia 1939 meza zilikuwa zimekwisha kuondolewa zamani, viti vimepangwa safu, na pombe inauzwa nje ya ukumbi wenyewe. Kampuni kubwa, hasa Moss Empires na ile ya Stoll, zilimiliki thieta nchi nzima, ndiyo maana miji mingi ya Uingereza ilikuwa na Empire au Hippodrome yake.

Jambo moja dogo linafaa kukumbukwa tangu hapa. Pembeni mwa jukwaa, kulia na kushoto, palikuwa na kisanduku cha taa kilichoonyesha namba ya msanii anayeingia, na mtazamaji aliitafuta namba hiyo katika karatasi ya programu aliyoshika. Msanii wa tano akichelewa treni, namba saba iliwashwa kabla ya tano, na shughuli ikaendelea bila mtu yeyote kuomba radhi. Tamthilia haiwezi kufanya hivyo, kwa kuwa huwezi kumzika shujaa kabla hajauawa. Kwa maoni yangu kisanduku kile kinaeleza kudumu kwa vaireti wakati wa vita kuliko hadithi zote za ushujaa zinazosimuliwa.

Je, ni kweli kwamba thieta zote zilifungwa siku vita vilipotangazwa?

Ni kweli. Jumapili tarehe 3 Septemba 1939, saa tano na robo asubuhi, Waziri Mkuu Neville Chamberlain alitangaza redioni kwamba Uingereza iko vitani na Ujerumani, na serikali ikaamuru kumbi zote za burudani zifungwe nchi nzima. Hofu yenyewe ilikuwa na msingi, kwani bomu moja likiangukia paa lenye watu 2,000 chini yake ni msiba wa mji mzima. Lakini George Bernard Shaw, mwandishi wa tamthilia, aliandika gazetini mara moja akiuita uamuzi ule upumbavu wa kiwango cha juu, akidai kwamba maelfu ya askari watakaokuwa likizoni watahitaji mahali pa kupitisha jioni zao.

Mabomu hayakuja mwezi ule. Baada ya majuma mawili hivi kumbi zilianza kufunguliwa kwa awamu, kwanza zile za maeneo yaliyodhaniwa kuwa na hatari ndogo, kisha katikati ya London kwa masharti ya kufunga mapema. Kwa sababu ya giza la lazima, taa zote za nje zilizimwa, majina ya wasanii yaliyokuwa yaking'aa juu ya milango yakafifia, na watu walipapasa njia kwa tochi zilizofunikwa karatasi ili mwanga usionekane kutoka angani. Kila mmoja alitarajiwa kubeba kinyago chake cha kujikinga na gesi, ndani ya kisanduku cha kadibodi kilichoning'inia begani.

Ving'ora vilipolia katikati ya onyesho, nini kilifanyika?

Meneja alitoka mbele ya pazia, akatangaza kwamba king'ora kimelia, akaeleza mahandaki ya karibu yako wapi, na akawaomba wanaotaka kuondoka waondoke taratibu. Kisha akasema onyesho linaendelea. Walioondoka mara nyingi walikuwa wachache.

Hali ilibadilika tarehe 7 Septemba 1940, mashambulizi makubwa ya anga yalipoanza. London ilipigwa usiku 57 mfululizo, na nyingi ya thieta za katikati ya mji zilifunga tena, safari hii kwa kukosa watazamaji zaidi ya kukosa ruhusa, maana hakuna aliyetaka kuwa mbali na nyumbani jua likitua. Zilizobaki wazi, na zile za vitongojini, zilisogeza saa: onyesho la jioni likawa la alasiri, na mara nyingine awamu moja ikatosha. Pale ambapo ndege ziliwahi kufika kabla ya watu kutoka, nje hapakuwa na basi wala usalama, kwa hiyo ukumbi mzima ulibaki ndani na wasanii wakaendelea.

Hapa ndipo vipande vile vifupi vilipolipa. Mwimbaji aliyemaliza nyimbo zake tatu aliongeza ya nne hadi ya kumi. Mchekeshaji alirudi na mzaha wa mwaka juzi. Mpiga piano alicheza nyimbo ambazo kila mtu anazijua ili ukumbi uitikie. Na mtazamaji mwenye sauti nzuri aliweza kuitwa jukwaani. Adelaide Hall, mwimbaji mweusi aliyezaliwa New York na kuhamia London kabla ya vita, anakumbukwa kwa usiku mmoja wa 1940 katika Lewisham Hippodrome ambapo aliendelea kuimba na kuwaimbisha watazamaji huku mabomu yakianguka jirani. Onyesho lenye kisa lingekuwa limekwisha na watu wakabaki wakitazamana.

Thieta ya Windmill haikufungwa kamwe, kama inavyosemwa?

Karibu hivyo, na neno "karibu" ni muhimu. Windmill ilikuwa ukumbi mdogo wa viti 300 na ushee katika mtaa wa Great Windmill, Soho. Laura Henderson, mjane tajiri aliyekaribia umri wa miaka 70, alilinunua jengo hilo 1930, akamwajiri Vivian Van Damm kuliendesha, na tangu Februari 1932 wakaanzisha onyesho lisilokatika, lililorudiwa mara tano au zaidi kwa siku kuanzia mchana hadi usiku. Mtazamaji aliingia saa yoyote na kutoka saa yoyote. Kiti cha mbele kilipoachwa wazi, wanaume wa safu za nyuma waliruka migongo ya viti kukigombea, jambo ambalo uongozi ulilikataza bila mafanikio.

Sababu ya kugombea inajulikana. Windmill ilionyesha wasichana walio uchi, kwa idhini ya ofisi ya Lord Chamberlain (cheo cha ikulu, asichanganywe na Waziri Mkuu Chamberlain), aliyekuwa mkaguzi wa tamthilia zote nchini. Hoja iliyokubaliwa ni kwamba sanamu za uchi katika makumbusho hazihesabiwi kuwa matusi, basi msichana naye asihesabiwe hivyo, mradi asimame kimya kama sanamu. Akitikisika tu, amevunja sheria. Kwa hiyo wenzake walioimba na kucheza walivaa nguo, na yeye, nyuma yao, hakuruhusiwa hata kupepesuka.

Mnamo Septemba 1939 Windmill ilifungwa na amri ile ile iliyozifunga nyingine zote. Ilipofunguliwa haikufunga tena hadi vita vikaisha, hata katika majuma mabaya zaidi ya 1940, na wasanii wake walilala katika vyumba vya chini ya jengo badala ya kurudi nyumbani gizani. Kaulimbiu yao ya "hatukufunga kamwe" iliwapa wachekeshaji riziki, kwa kuwa kwa Kiingereza neno la kufunga linakaribiana kimatamshi na neno la kuvaa nguo, na kwa kubadili herufi chache kaulimbiu ikawa "hatukuvaa kamwe". Laura Henderson alifariki Novemba 1944, miezi michache kabla ya amani.

Ni kumbi zipi zilizopigwa mabomu?

Nyingi, na orodha kamili ingechosha. Queen's, katika barabara ya Shaftesbury, ilikuwa ya kwanza kupigwa katika eneo la thieta kuu, Septemba 1940, ingawa yenyewe ilikuwa ya tamthilia. Ukumbi wa Shaftesbury uliharibiwa kabisa Aprili 1941. Kwa wapenzi wa vaireti pigo lililouma zaidi lilikuwa Holborn Empire, ukumbi uliopendwa na wachekeshaji kwa kuwa watazamaji wake walicheka upesi. Agosti 1940 ulianza onyesho lenye mchekeshaji Max Miller na mwimbaji Vera Lynn pamoja. Mabomu yalilisimamisha, na mwaka uliofuata likahamia ukumbi wa Palladium likaendelea huko. Holborn Empire iliharibiwa vibaya Mei 1941, haikufunguliwa tena, na hatimaye ikabomolewa.

Palladium yenyewe ilinusurika kwa namna inayostahili kusimuliwa. Tarehe 11 Mei 1941, baada ya usiku ambao London ilipigwa kuliko usiku mwingine wowote, iligundulika kwamba bomu kubwa lililoshuka kwa parachuti limetoboa paa na kunasa juu ya jukwaa bila kulipuka. Kikosi cha Jeshi la Wanamaji kiliitwa. Walipogusa kiwashio tu, kikaanza kugonga kama saa ya ukutani, na kila mtu akakimbia. Walingoja. Bomu halikulipuka. Wawili kati yao wakarudi, wakapanda tena hadi juu ya jukwaa lile ambalo kwa kawaida lilining'inizwa mapazia yenye picha za bustani, wakakitoa kiwashio kwa mikono.

Max Miller alikuwa nani, na kwa nini alipata matatizo na wakaguzi?

Alikuwa mchekeshaji wa Brighton aliyeingia jukwaani kwa suti ya kitambaa cha maua makubwa, suruali pana iliyokusanywa chini ya magoti na kofia nyeupe, akisimama peke yake mbele ya pazia lililofungwa. Alibeba vitabu viwili vidogo, kimoja cheupe na kimoja cha buluu, akawauliza watazamaji wanataka mizaha ya kitabu kipi. Cheupe kilikuwa cha adabu. Watazamaji, bila shaka, walipiga kelele wakidai cha buluu. Ufundi wake ulikuwa kwenye kukata sentensi: aliimba shairi lenye vina, na neno la mwisho lilipokuwa wazi kwa kila mtu aliye na masikio, alinyamaza, akawatazama kwa mshangao, akawalaumu kwamba wao ndio wenye fikra chafu. Mswahili aliyekulia kwenye mafumbo ya taarabu atamwelewa haraka kuliko Mwingereza wa leo.

Kuhusu wakaguzi, sheria ilikuwa na tundu. Lord Chamberlain, kwa sheria ya 1843, alikagua maandiko ya tamthilia na maigizo mafupi kabla hayajaonyeshwa, lakini mtu mmoja anayesimama akisema mizaha hakuwa na andiko la tamthilia, hivyo aliachiwa mamlaka za mji zilizotoa leseni za kumbi. BBC haikuwa na tundu hilo, na Miller aliwahi kufungiwa kutangaza kwa sababu ya ulimi wake. Hakuonekana kuumia, kwani kufungiwa kulijaza viti.

Walitania kuhusu nini wakati watu wanakufa?

Walitania kuhusu foleni, mgao wa chakula, wake na waume, maofisa wadogo wenye kujiona wakubwa, na zaidi ya yote kuhusu giza, kwa kuwa giza lilikuwa na mizaha isiyokwisha. Robb Wilton wa Liverpool aliwachekesha watu kwa miaka kwa kipande kimoja tu: mzee aliyejiunga na mgambo wa mtaa, akisimulia jinsi mkewe, siku vita vilipoanza, alivyotaka kujua yeye binafsi atafanya nini kuvizuia. Alisimulia polepole, mkono ukipapasa usoni, kama mtu anayeliona jambo lenyewe kuwa zito kwake. Elsie na Doris Waters, ndugu wawili waliojulikana jukwaani kama Gert na Daisy, walichekesha kwa mazungumzo ya kina mama wa mtaani, na Wizara ya Chakula ikawatumia redioni kuwafundisha watu kupika kwa mgao mdogo.

Hitler naye alitaniwa, lakini kwa ufupi kuliko watu wanavyodhani. Bud Flanagan na Chesney Allen walikuwa na wimbo wa sungura anayeambiwa akimbie kabla mkulima mwenye bunduki hajafika, ulioanza kusikika Palladium Oktoba 1939. Mara watu wakamwondoa sungura wakamweka Adolf. Flanagan, mwana wa Wayahudi waliohamia mashariki mwa London kutoka Poland, alikuwa na sababu zake za kuuimba kwa moyo.

Maisha ya msanii wa kawaida yalikuwaje?

Majina makubwa ndiyo yaliyohifadhiwa, lakini programu ya wiki ilijazwa na watu wasiojulikana leo, nao waliishi kwa kusafiri. Msanii alikuwa London wiki hii, Sheffield wiki ijayo, Glasgow inayofuata. Jumapili ilikuwa siku ya treni, na katika stesheni ya Crewe, ambako njia nyingi za reli hukutana, makundi ya wasanii yalikutana kwenye jukwaa la abiria wakiulizana nani ameajiriwa wapi na mama mwenye nyumba gani anapika vizuri. Vita vilipokuja, treni zilijaa askari, zilichelewa kwa saa nyingi, na taa za ndani zilikuwa hafifu mno za kusomea. Tangu Januari 1940 chakula kiligawiwa kwa vitabu vya mgao, na msanii anayehama kila wiki alilazimika kuhama na kitabu chake.

Jumatatu asubuhi palikuwa na mazoezi na okestra ya ukumbi, na utaratibu wake unanivutia kuliko onyesho lenyewe. Kila msanii alibeba vitabu vya muziki wake, kimoja kwa kila mpigaji. Aliyefika kwanza aliviweka kwenye ukingo wa jukwaa, karibu na taa za chini. Wa pili akaweka vyake pembeni, na hivyo hivyo, safu ya vitabu vilivyochakaa ikiwa ndiyo foleni. Okestra ilifanya mazoezi kwa mpangilio huo bila kujali nani ni maarufu. Kama waimbaji wawili walikusudia wimbo mmoja, aliyewahi kuweka vitabu ndiye aliyekuwa na haki nao wiki nzima, na mwenzake akatafuta mwingine kabla ya jioni. Okestra hizo zilizidi kupungua vijana wakiitwa jeshini, hivyo mara nyingi msanii aliwakuta wazee waliorudishwa kazini kutoka ustaafuni.

Mavazi yalikuwa adha ya peke yake. Nguo ziliwekwa kwenye mgao wa kuponi kuanzia Juni 1941, na vipodozi vilikuwa adimu. Waliotegemea kumetameta walishona na kushonea tena.

Je, palikuwa na wasanii weusi katika London ya wakati huo?

Walikuwapo, na baadhi yao walikuwa juu kabisa. Mbali na Adelaide Hall, alikuwapo Elisabeth Welch, naye mzaliwa wa New York, na Leslie Hutchinson, aliyejulikana kama Hutch, mzaliwa wa Grenada aliyepiga piano na kuimba kwa sauti laini kiasi cha kupendwa na matajiri ambao wengine wao wasingemruhusu kupita mlango wa mbele.

Ken Johnson, mzaliwa wa Guyana, aliongoza bendi ya wanamuziki weusi, wengi wao kutoka visiwa vya Karibea, iliyosikika mara kwa mara redioni. Alikuwa mcheza dansi zaidi ya mpigaji, mrefu, mwenye nyonga zilizompa jina la utani la nyoka. Kituo chake kilikuwa Café de Paris, mkahawa wa dansi uliokuwa chini ya ardhi, chini ya jengo la sinema, na kwa sababu hiyo uliotangazwa kuwa salama kuliko mingine yote mjini. Jumamosi tarehe 8 Machi 1941 alikuwa na rafiki zake katika klabu nyingine, wakamsihi abaki hadi ndege zipite. Alikataa kuchelewa kazini, akakimbia katikati ya mashambulizi, akafika, akapanda jukwaani. Muda mfupi baadaye mabomu mawili yalipenya kupitia njia ya hewa na moja likalipuka mbele ya bendi. Watu wasiopungua 34 waliuawa. Johnson alikuwa na umri wa miaka 26. Kwa kuwa Café de Paris haikuwa thieta, habari hii huachwa nje ya masimulizi ya vaireti, lakini wasanii walikuwa wale wale na watazamaji walikuwa wale wale.

Upande wa pili wa sarafu ni kwamba Waingereza weupe waliojipaka masizi usoni na kuigiza "Mweusi mchangamfu" waliendelea kufanya kazi kipindi chote cha vita. G. H. Elliott alijenga jina lake lote juu ya mtindo huo. BBC ilikuwa na kipindi kilichopendwa sana kilichoiga nyimbo za watumwa wa kusini mwa Marekani, na waigizaji wake wawili wakuu, Harry Scott na Eddie Whaley, walikuwa Wamarekani weusi wenyewe, wakilipwa kuigiza picha ambayo wazungu walikuwa wameichora juu yao.

Redio haikuiua vaireti?

Kwa muda ilifanya kinyume. BBC ilihamisha idara yake ya vaireti kwenda Bristol vita vilipoanza, na Bristol ilipopigwa mabomu, ikaihamishia Bangor, Wales, mwaka 1941. Ilirudi London 1943. Wasanii waliosikika kutoka huko kila wiki, kama mchekeshaji Tommy Handley, walikuwa wanafahamika kwa sauti na watu ambao hawajawahi kuwaona, na walipotokea jukwaani ukumbi ulijaa. Ubaya wake uliwafika taratibu. Mzaha uliotosha miaka mitano ya kuzunguka miji, redio iliumaliza kwa usiku mmoja, kwa kuwa nchi nzima ilikwisha kuusikia.

ENSA ilikuwa nini?

Ilikuwa shirika la burudani kwa askari na wafanyakazi wa viwanda, lililoanzishwa 1939 na Basil Dean akishirikiana na Leslie Henson, makao yake makuu yakiwa katika Theatre Royal ya Drury Lane, London. Liliwapeleka wasanii kambini, viwandani, hospitalini na ng'ambo. Ubora ulitofautiana mno: wiki moja kambi ilimpata George Formby na ukulele wake, wiki nyingine ilipata mwimbaji aliyekwisha sauti, na askari wakazigeuza herufi nne za jina hilo kuwa maneno yenye maana kwamba kila usiku kuna balaa jukwaani. Formby huyo huyo, mwishoni mwa 1940, aliwaimbia watu waliokuwa wamejihifadhi katika stesheni ya treni za chini ya ardhi ya Aldwych, wakiwa wamekaa juu ya mablanketi hadi kwenye reli zenyewe.

Maonyesho yalifanyika Jumapili?

Hapana. Sheria ya 1780 ilizuia, na ingawa sinema zilikuwa zimepata nafuu mwaka 1932, Bunge lilikataa mwaka 1941 kuziruhusu thieta kufunguliwa siku hiyo. Kwa jamii iliyokuwa ikipigwa mabomu Jumapili kama siku nyingine yoyote, uamuzi huo uliwashangaza wengi.

Je, kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo, ingawa ni wa kando. Vera Lynn alisafiri hadi Burma mwaka 1944 kuwaimbia askari, mwaka ule ule ambao askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walikuwa wakipigana huko. Askari wa Keya nao walikuwa na kikosi chao cha burudani, na mmoja wa waliopita humo ni Fundi Konde, mpiga gitaa kutoka pwani ya Kenya, ambaye baada ya vita alikuja kuwa miongoni mwa waanzilishi wa muziki wa dansi wa Kiswahili uliorekodiwa Nairobi. Asingekuwa mgeni kabisa kwa kisanduku cha namba cha Holborn Empire, kwani onyesho la kambini nalo lilikuwa wimbo, kichekesho, kisha wimbo tena, kabla ya amri ya kulala.

Nini kilitokea baada ya mashambulizi ya 1941 kupungua?

Kumbi zilijaa. Wamarekani walianza kufika 1942 wakiwa na mishahara minono, wafanyakazi wa viwanda vya silaha walikuwa na fedha na kidogo cha kununulia, na Palladium iliendesha maonyesho makubwa kwa miezi mingi mfululizo chini ya mwandaaji wake George Black. Mtikisiko mwingine ulikuja Juni 1944, makombora yasiyo na rubani yalipoanza kuanguka. Haya yalikuwa mabaya kwa mchekeshaji kwa namna ya pekee: injini ilisikika ikikaribia, ikazimika ghafla, na kwa sekunde kadhaa za ukimya ukumbi mzima ulisubiri kujua litaangukia wapi. Hakuna mzaha unaoweza kupita katika ukimya ule. Mapato yaliporomoka na baadhi ya thieta zikafunga hadi vuli. Oktoba mwaka huo mchekeshaji Tommy Trinder alifungua onyesho Palladium ambalo lilivuka mwisho wa vita likiwa bado linaendelea.

Ni majengo gani yanayoweza kuonekana leo?

Palladium bado inafanya kazi, na Hackney Empire, iliyojengwa 1901 na Frank Matcham, msanifu yule yule wa Palladium, imekarabatiwa na inafunguliwa kwa maonyesho. Wilton's, ukumbi wa muziki wa karne ya 19 karibu na Whitechapel, ulikuwa umegeuzwa kituo cha kanisa la Methodisti na watu walijihifadhi humo wakati wa mabomu. Leo umerudi kuwa ukumbi wa maonyesho, na kuta zake zimeachwa na mabaka yake. Jengo la Windmill lipo mahali pake Soho. Finsbury Park Empire, Chelsea Palace na Metropolitan ya Edgware Road zilivuka vita zikiwa zimesimama, kisha zikabomolewa zote miaka ya 1960, watazamaji wake wakiwa wamehamia kwenye televisheni.